Nani Ailishe Ngoma ya Mvumi?

Ngoma haiishi kwa kupigwa tu. Huishi pia kwa kulishwa. Ngozi huchakaa, ikabidi ipatikane nyingine. Mpigaji huzeeka, ikabidi awepo kijana wa kumrithi. Kijana naye hawezi kukaa miguuni pa mwalimu mchana kutwa ikiwa nyumbani kwao hakuna chakula. Wazee wa Ugogo walilijua jambo hili zamani, bila ya kufundishwa na mtaalamu yeyote wa uchumi. Sisi tulio mijini, tunaokatwa kodi kila mwisho wa mwezi, tunakabiliwa na swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, sanaa tunazoziita za taifa ni mzigo wa nani?

Ndugu msomaji, hebu tulianzie swali hilo Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki ya Dodoma. Kutoka mjini ni mwendo wa kama kilometa 40 tu. Wengi huijua Mvumi kwa sababu ya hospitali na shule zilizotokana na kazi ya misheni ya Kianglikana. Wazee huikumbuka pia kuwa ndiyo iliyokuwa makao ya Mtemi Mazengo, ambaye jina lake lilipewa shule moja mashuhuri ya sekondari mjini Dodoma.

Nchi yenyewe ni kavu. Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na mvua hiyo mara nyingi huja kwa kusuasua. Mkulima wa huko hutegemea mtama na uwele, na macho yake hayaachi kuwatazama ng'ombe. Lakini katika nchi hiyo kavu umo utajiri ambao wageni huvuka bahari kuja kuusikiliza. Upo muheme, ngoma ya akina mama, ambao huzibana ngoma hizo kati ya mapaja na kuzipiga kwa ustadi ambao wanaume wa makabila mengi huudhania ni wao peke yao. Upo msunyunho, unaohusiana na mvua na baraka za nchi, na upo wimbo wa nindo. Iko ilimba yenye vijiti vingi vya chuma, liko zeze, ziko filimbi na njuga za miguuni. Juu ya yote iko namna ya Wagogo ya kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, kila sauti ikishika njia yake bila kuzivunja nyingine.

MTEMI ALIKUWA NA WAJIBU

Utajiri huo haukujilinda wenyewe. Katika utaratibu wa zamani wa Wagogo, mtemi hakuwa mtawala wa kutoza tu. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mambo ya mvua na rutuba ya nchi, na ni kwa idhini yake msimu wa jando ulifunguliwa. Ngoma za jando, za mavuno na za kuomba mvua zilikuwa sehemu ya uendeshaji wa nchi. Hazikuwa burudani ya pembeni. Mwenye shughuli alitoa nafaka ya pombe na chakula, mwenye ng'ombe alichinja, na jirani alileta kuni na maji. Hapakuwa na hati ya bajeti, lakini kila mtu alijua fungu lake. Mpigaji hakulipwa mshahara. Hata hivyo hakurudi nyumbani na njaa, na mwanawe hakukosa mahali pa kujifunzia.

Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi. Ulikuwa na ubaguzi wake, na mwanamke aliyepiga muheme hakuitwa barazani kuamua mambo ya nchi. Walakini ulikuwa na sifa moja ambayo hatuna budi kuikubali: aliyefaidika na ngoma alijulikana, na aliyepaswa kuilisha alijulikana pia.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria katika Tanganyika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Disemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba yake siku hiyo aliwasuta wasomi wa wakati huo waliojua kucheza ngoma za Kizungu huku za kwao wakizionea haya. Yakiwekwa pamoja, matukio hayo mawili yana maana kubwa. Kiti cha mtemi kiliondolewa, na Serikali ikajitwika kazi ya mlezi wa ngoma. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Aliyerithi kiti amerithi na wajibu wake. Je, wajibu huo umetimizwa?

KUTOKA UGOGO HADI BAGAMOYO

Mwanzo ulikuwa wa matumaini. Katika miaka ya 1960 kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa, ambacho wachezaji na wapigaji wake walitafutwa mikoani na kuletwa Dar es Salaam. Baadaye kikafuata kikundi cha sarakasi, ambacho vijana wake walikwenda China kujifunza, kisha kikundi cha maigizo. Wasanii hao walikuwa waajiriwa wa umma. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, mtu aliweza kupokea mshahara kwa kazi ya kupiga marimba.

Mmoja wa waliochukuliwa kutoka Ugogo ni Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze. Vikundi vya taifa vilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, Zawose alikuwa miongoni mwa walimu wake. Kutoka huko sauti ya Ugogo ilifika Ulaya, Marekani na Japani. Kampuni ya Real World ya Uingereza, iliyoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa santuri zake. Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Disemba 2003. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa santuri ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojulikana kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake ambao kwa miaka mingi walisikika kama waitikiaji sasa wamesimama mbele.

Hii ni fahari yetu sote. Lakini hebu tuitazame njia yenyewe. Sanaa iliondoka Ugogo, ikapita Dar es Salaam, ikatua Bagamoyo, ikavuka bahari. Njia ya kwenda ilichongwa vizuri; njia ya kurudi haikuchongwa. Hakuna kifungu kilichosema kwamba kijiji kilichotoa mpigaji kipatiwe mwalimu, kibanda cha mazoezi, au walau ngozi za ngoma. Serikali ilichukua matunda na kumwachia Mungu kazi ya kuumwagilia mti.

BODI INASHAURI, NANI ANAAMUA?

Chuo cha Bagamoyo chenyewe kina mafunzo makubwa kwa yeyote anayetaka kujua uendeshaji wa kituo cha sanaa cha taifa. Ukumbi wake mkubwa wa maonyesho ulijengwa kwa msaada wa nje, hasa wa nchi za Skandinavia. Mwaka 2002 ukumbi huo uliteketea kwa moto, na miaka kadhaa ilipita kabla ya kusimama mwingine, kwa msaada wa nje tena. Jengo la taifa lilipoanguka, tulitazama kwanza kwa jirani.

Mwaka 2007 Chuo kiligeuzwa kuwa wakala wa Serikali, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Huenda msomaji akaona mabadiliko hayo ni ya jina tu. Sivyo. Chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, wakala huongozwa na Mtendaji Mkuu, na bodi yake ni ya ushauri kwa Wizara. Kushauri si kuamua. Aidha, wakala hutarajiwa kujitafutia sehemu ya mapato yake kwa ada, kodi ya ukumbi na huduma nyingine.

Utaratibu huo una faida zake. Unampa mtendaji nafasi ya kufanya kazi bila kungoja kila karatasi itoke wizarani. Lakini kituo kinachoambiwa kijitegemee hulazimika kutazama mteja mwenye fedha. Mkutano hulipa kuliko mazoezi ya ngoma. Sherehe ya harusi hulipa kuliko darasa la zeze. Mwanafunzi mwenye mzazi wa kulipa ada huingia, na binti wa Mvumi ambaye vidole vyake vimezaliwa na muheme hubaki nyumbani. Hakuna mtu mwovu katika hesabu hiyo. Ndivyo inavyojipanga yenyewe pale panapokosekana fungu la kudumu kwa kazi isiyoleta faida ya haraka.

Zipo taasisi nyingine. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Sera ya Utamaduni ilitolewa mwaka 1997, na mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni, kwa msaada wa Sweden. Mfuko huo ulikuja kudhoofika, kisha ukafufuliwa katika miaka hii ya 2020, ukitoa mikopo kwa wasanii kwa kupitia mabenki. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mkopo humfaa mwanamuziki wa mjini anayetaka kununua vyombo na kuuza nyimbo zake. Akina mama kumi na wawili wa muheme wataweka rehani kitu gani, na watarejesha kwa mavuno ya nini? Hali kadhalika mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, imekusudiwa shughuli za kuzalisha mali. Ngoma huzalisha watu, na mtu huchukua miaka kuiva.

TUTAZAME KWA JIRANI

Majirani zetu wa Kenya na Uganda walirithi majumba. Jumba la Maonyesho la Taifa la Kenya lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, na la Kampala mwaka 1959. Kila moja likiwa chini ya chombo kilichoundwa kwa sheria. Mtu angefikiri kwamba wao wameshinda. Lakini kuwa na jumba si kuwa na kauli ndani ya jumba.

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililofanyika Lagos mwaka 1977. Tamthilia mbili ziliteuliwa: moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya Dedan Kimathi, na nyingine ya Francis Imbuga. Wasanii walipoomba jumba la taifa lao, walipewa siku chache tu, zilizobanwa kati ya maonyesho ya kigeni. Miaka 13 baada ya uhuru, wageni walikuwa bado na sauti kubwa katika uendeshaji wa jumba hilo. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini kitabu cha ratiba kilikuwa mikononi mwa wale wale.

Uganda ilikutwa na msiba wa namna nyingine. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho la Taifa, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya kurejea kutoka tamasha hilo la Lagos. Huko mtawala hakutaka hata kubishana na bodi.

Lagos kwenyewe, jumba kubwa lililojengwa kwa ajili ya FESTAC lilichakaa kwa miaka mingi, mpaka mabenki ya Nigeria yakiongozwa na Benki Kuu yalipolikarabati. Na mwaka 2024 likapewa jina la Wole Soyinka. Zanzibar nako, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kulea taarabu kwa kizazi kipya, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kimo hatarini kufungwa kwa kuwa wafadhili walikuwa wameondoka.

Mifano hii yatuonyesha mambo matatu. Fedha ya kujenga hupatikana mara moja kwa shangwe. Fedha ya kuendesha hutakiwa kila mwaka kimya kimya, na hiyo ndiyo hukosekana. Pili, asiye na kiti katika bodi hana siku katika ratiba. Tatu, mkono unaotoa fedha usipowekewa mpaka, hufika hadi shingoni kwa msanii.

MAKAO MAKUU YAMESOGEA

Suala hili lina uzito mpya kwa watu wa Mvumi. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulisubiri miaka mingi. Lakini tangu mwaka 2016 Serikali ilihamia kwa vitendo, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwezi Mei 2023 Ikulu mpya ya Chamwino ikafunguliwa. Leo akina mama wa muheme wanaishi wilaya moja na Ikulu. Mgeni wa taifa anapopokewa, ngoma hupigwa. Sherehe za kitaifa zinapofika, ngoma hupigwa. Serikali, kwa hiyo, ndiye mteja mkubwa wa ngoma katika mkoa huu.

Wenyeji hawakukaa kungoja. Hapo Chamwino, tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likikutanisha vikundi vya vijijini tangu mwaka 2009, kwa juhudi za wenyeji na marafiki zao, akiwemo Dk. Kedmon Mapana, mwanamuziki na mhadhiri mzaliwa wa huko, ambaye baadaye alikabidhiwa utendaji mkuu wa BASATA. Tamasha hilo limeonyesha kwamba vikundi vipo na watoto wanaotaka kujifunza wapo. Lakini jambo linalotegemea moyo wa watu wachache huishi kadiri ya afya ya watu hao.

Yupo msomaji atakayesema: hospitali ya Mvumi ina wagonjwa, shule zina upungufu wa madawati, kwa nini shilingi ya kodi yangu iende kwenye ngoma? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumkejeli aliyeuliza. Hakuna anayetaka dawa ziuzwe ili ngozi zinunuliwe. Lakini Serikali tayari inaitumia ngoma. Basi na iilipe kama inavyomlipa mwenye turubai na mwenye vipaza sauti. Haieleweki kwamba katika sherehe moja mkodisha viti apewe hundi, na mchezaji aliyesimama juani tangu asubuhi apewe soda na nauli.

Hatari nyingine lazima itajwe. Anayekula kwa mwenzake huimba wimbo wa mwenzake. Tuliyaona hayo katika miaka ya 1970 na 1980, pale vikundi vingi vya mashirika ya umma na vya mikoa vilipogeuka kuwa vipaza sauti vya kila tangazo jipya. Nyimbo ziliongezeka na ladha ikapungua. Uingereza ilipounda baraza lake la sanaa mwaka 1946 ilijaribu kuweka uzio: fedha itoke Hazina, lakini uamuzi wa nani apewe ukae kwa baraza, si kwa waziri. Uzio huo haukuwa kamilifu, na si lazima tuuige. Lakini haja ya uzio ni ya kweli hapa kwetu pia.

KITI, FUNGU NA NJIA

Yanayotakiwa basi si mambo ya ajabu. La kwanza ni kiti. Chombo chochote cha taifa cha sanaa, kiwe Bagamoyo au kitakachojengwa Dodoma kesho, kiwe na bodi yenye uwezo wa kuamua, na ndani yake waketi wapigaji wenyewe kutoka vijijini, wakiwemo wanawake. Mama wa Mvumi hana shahada, lakini anajua muheme unaharibika lini.

La pili ni fungu. Bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika matumizi ya kawaida, yale ya kila mwaka, liwemo fungu la walimu wa ngoma wa vijijini, hata kama ni dogo. Fungu dogo lisilokosekana huzidi msaada mkubwa unaokuja mara moja katika miaka kumi.

La tatu ni njia ya kurudi. Kila kituo kinachochukua sanaa ya kijiji kiwajibike kurudisha kitu kijijini: nafasi za masomo bila ada, walimu wa likizo, nakala za rekodi zilizochukuliwa huko. Mtoto wa Mvumi asilazimike kuagiza kutoka London sauti ya bibi yake.

Nasi wa mijini tuna sehemu yetu. Wengi wetu tunawaita wapiga ngoma siku ya harusi, kisha tunabishana nao bei kuliko tunavyobishana na mpiga picha. Wengi tunajua jina la kila mwimbaji wa redioni, lakini watoto wetu hawajawahi kuishika ilimba. Mzazi anayeishi Dodoma anaweza kuwapeleka watoto Chamwino siku ya tamasha kwa nauli ndogo. Mfanyakazi mwenye mbunge anaweza kumwuliza, kabla ya Juni, fungu la utamaduni limekaa wapi katika kitabu cha bajeti. Maswali ya namna hiyo yakiulizwa na watu wengi, hujibiwa.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Yafaa tukumbuke kwamba mila huachwa kwa njia mbili: kwa kuionea haya, na kwa kuisifu bila kuilisha. Ile ya kwanza Mwalimu aliikemea mwaka 1962, na kwa kiasi kikubwa tumeishinda. Hii ya pili bado iko kwetu, na inavaa kanga nzuri na kupiga vigelegele kila siku ya sherehe. Mtemi wa zamani alipofungua msimu wa ngoma, alijua ghala lina nini. Serikali iliyoketi mahali pake, kilometa chache kutoka Mvumi, nayo yapasa ilifungue ghala kabla ya kuagiza ngoma ipigwe.